Mshtakiwa wa Pili

Mwaka ule wa kesi, mkoa wetu mzima uligeuka mawakili. Kinyozi wakili, mchoma mahindi wakili, mama muuza maandazi ambaye hajawahi kukanyaga hata ofisi ya mtendaji wa kijiji, naye wakili. Ulikuwa huwezi kununua kiberiti bila kuulizwa uko upande gani. Na mimi, ambaye kesi ile ilikuwa imeniingia mpaka tumboni, nilikuwa nasikiliza tu na kutikisa kichwa. Nilikuwa naogopa. Nalisema mapema ili tusipotezeane muda: haya ni maneno ya mtu mwoga, na mwaka ule niliogopa kuliko miaka yangu yote.

Kesi yenyewe nchi nzima iliijua. Msanii mkubwa wa muziki, mzaliwa wa Singida, alisimamishwa barabarani huko Dar es Salaam, gari lake likapekuliwa, na chini ya kiti kikakutwa kifurushi cha dawa za kulevya. Ndani ya gari walikuwa wawili, yeye na dereva wake. Wote wakapandishwa kizimbani na wote wakapelekwa mahabusu, maana kosa lile halina dhamana. Msanii huyo hakuwa anapaonea haya kwao. Kila akipanda jukwaani alisema ametoka Singida, na sisi tulimpenda kwa hilo, hata wale ambao nyimbo zake hatukuzielewa. Tulimwita mtoto wetu.

Dereva hakuna aliyemwita chochote. Kwenye taarifa ya habari alikuwa "na mwenzake". Baadaye akawa "mshtakiwa wa pili". Ni mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni wakati mama yuko shambani.

Kwetu ni Mitundu, huko Itigi, Singida hiyohiyo, lakini mimi nimeolewa Ihanja, na Ihanja hakuna aliyejua habari hiyo isipokuwa mume wangu. Mtashangaa, maana mwanamke mwenye ndugu anayemwendesha staa angetakiwa kuitangaza mpaka kisimani. Nilitaka, haki ya Mungu nilitaka. Mdogo wangu ndiye aliyenikataza tangu siku alipoipata kazi. Alinipigia simu akasema, "Dada, usimwambie mtu. Watakusumbua uwaunganishe, kila mtu ana kijana anayejua kuimba." Nikanyamaza kwa kumridhisha. Kumbe ukimya ule ulikuwa unaniandalia mahali pa kujificha.

Siku waliyokamatwa nilikuwa kwenye vitunguu. Msimu wa vitunguu sisi wanawake hukaa kwenye turubai kando ya barabara kubwa, tunakata majani, tunatenga vikubwa na vidogo, tunatupa vilivyooza, wanaume wanajaza magunia na kushona. Kazi ile ni ya mikono tu, mdomo unabaki hauna shughuli, kwa hiyo tunaongea kutwa. Genge letu liliongozwa na mama mmoja wa makamo tuliyemwita Mwenyekiti, mcheshi, mwenye sauti inayofika ng'ambo ya barabara. Pembeni yake alikaa dada mmoja mwenye simu kubwa, ambaye kazi yake ya pili ilikuwa kutusomea yanayoendelea duniani. Ndiye aliyepiga kelele, "Jamani! Mtoto wetu kakamatwa! Yeye na mtu mwingine!"

Nikauliza, "Mtu mwingine nani?"

"Dereva wake tu," akasema.

Nilikuwa na kisu mkononi na nikaendelea kukata, nikakata mpaka kitunguu kilichokuwa kizima. Watu wa mjini hudhani sisi wa vitunguu tunalia kutwa. Wapi! Vitunguu vikavu havilizi kiasi hicho, na pale kwenye turubai mtu akilia kila mmoja anajua ana lake. Kwa hiyo sikulia.

Sasa lazima niwaeleze tulivyofikiri nyumbani kwetu, maana bila hilo mtaniona mjinga, na mjinga si mimi peke yangu. Kwetu sisi ni wafugaji. Wawili wakitoka na mifugo asubuhi, jioni wanaulizwa pamoja. Ng'ombe wakiingia shamba la mtu, hakuna habari za huyu alikuwa amelala na yule alikuwa macho. Mdogo wangu alipokuwa mdogo, yeye na mtoto wa jirani waliachia mbuzi wakamaliza uwele wa mtu, na baba wa yule mwenzake, tajiri mwenye zizi kubwa, akaja kumwombea msamaha mwanawe peke yake. Wazee walimfukuza. Walimwambia aliyechunga na mwenzake husimama na mwenzake, na mwisho wakawasamehe wote wawili kwa heshima ya tajiri yule. Sisi tulikulia ndani ya hiyo sheria, wala hatukuwahi kuwaza kwamba ipo nyingine.

Kwa hiyo mama aliponipigia siku ile jioni, baada ya kulia, jambo la kwanza alilosema ni hili: "Afadhali amekamatwa na mtu mkubwa. Angekuwa peke yake nani angemjua?" Nami nikaona kweli. Yule mwenzake ana pesa, ana mawakili, ana nchi nzima nyuma yake. Akitoka yeye, na wetu katoka. Basi familia yetu yote ikawa mashabiki wa msanii. Shangazi yangu mlokole, ambaye muziki wa dunia kwake ni dhambi, alifunga na kuomba kwa ajili ya mwimbaji.

Na kule kwenye turubai tulikuwa tunaomba. Mwenyekiti alisema mtoto wetu asiachwe, basi kila siku kabla ya kushika kisu, mama mmoja wa Kiislamu alitusomea dua, halafu sisi Wakristo nasi tukaongozwa kwenye maombi. Aliyeongoza ni mimi. Nina sauti, kanisani naimba, wakanisukuma mbele. Niliomba mpaka nikashika shingo kwa maumivu. "Baba, mfungulie mtoto wetu milango ya gereza! Mtoe, Baba, mtoe mchana kweupe!" Wenzangu walidhani napenda muziki sana. Mwenyekiti alikuwa ananitania, "Mwenzetu huyu anamwombea staa kuliko anavyomwombea mumewe."

Mjadala wenyewe ulikuwa na pande mbili na kila upande ulikuwa na hakika. Upande wa Mwenyekiti walisema mtoto wetu anaonewa kwa sababu ana jina. Wanamtafuta ili watu waseme sheria ina meno, angekuwa muuza genge asingepekuliwa. Upande wa pili ulikuwa na watu wachache pale kwetu, na msemaji wao alikuwa kaka mmoja mshona magunia, mwembamba, mwenye maneno ya kuudhi. Yeye alisema kesi za watu wenye majina ni maigizo. "Atatoka, bibi zangu, msijichoshe na maombi. Mwenye jina hafungwi. Watatafuta dagaa wa kumwangushia jumba bovu."

"Dagaa yupi?" nikamuuliza siku ya kwanza aliposema hivyo.

"Si yule dereva!"

Nilimrushia kitunguu. Sikutania, nilimlenga kichwani na nikamkosa kwa kidole. Nikamtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika, nikamwita mchawi, mla roho za watu. Genge zima likacheka, wakasema ushabiki umenipanda kichwani. Yeye mwenyewe akabaki ananitazama kwa mshangao, sindano ya gunia mkononi. Maskini, hakujua amesema nini.

Maneno yake yaliniingia, nikawa nayafukuza na hayatoki. Redioni kulikuwa na kipindi cha jioni cha watu kupiga simu, na kesi ile ilikuwa chakula chao cha kila siku. Dereva wa lori anapiga kutoka Shelui anasema kijana aachiwe, ana familia. Mwalimu anapiga anasema sheria ichukue mkondo wake, tusiingilie mahakama. Mwingine anauliza mbona wanaokutwa na msokoto mmoja wa bangi wanaozea ndani na hawapigiwi simu redioni. Siku moja wakamleta wakili aeleze. Sauti yake ilikuwa ya upole, nakumbuka hata alikohoa kidogo akaomba radhi. Akasema wananchi wanachanganya jambo moja: watu wawili wakishtakiwa pamoja, ushahidi unapimwa kwa kila mmoja peke yake. Mmoja anaweza kuachiwa, mwingine akafungwa. Tena wakati mwingine, akasema, anayetoka hutoka kwa kuonyesha kwamba mzigo ni wa yule anayebaki.

Nilikuwa nasonga ugali. Mwiko ukasimama. Mume wangu akauliza kama kuna kitu kinaungua, na kweli kilikuwa kinaungua.

"Umesikia?" nikamwambia.

"Nimesikia."

"Ina maana mimi siku zote naomba nini?"

Mume wangu si mtu wa maneno mengi, na siku ile afadhali angebaki hivyo. Tulipokaa kula akaniuliza taratibu, bila kunitazama, "Na kama mzigo ulikuwa wake kweli?" Loo! Nilisimama nikamwaga maji ya kunawa, nikamwambia kama ameoa ukoo wa wauza unga basi arudishe mke. Nilifoka mpaka jirani akachungulia uani. Lakini nilipokaa nje kwenye kigoda nilijua kwa nini nimefoka. Nimemlea mtoto yule na sijui. Aliondoka Mitundu akiwa kijana wa kuogopa hata kumsalimia polisi, na kilichompata Dar hakuna aliyenisimulia. Hilo nalo lilinitisha, kwamba naweza kumpenda mtu hivi na nisiweze kumwapia.

Toka siku hiyo maombi yalinishinda. Nikisimama mbele ya wenzangu nafungua mdomo, maneno hayaji. Nimwombe Mungu yule atoke? Namfunga mdogo wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nimwombe asitoke? Naomba mtu aozee gerezani, na huenda hana kosa, ana mama kama mimi nilivyo na mama. Nilikuwa naogopa Mungu asije akanisikia. Mwenyekiti akaniuliza, "Mbona sauti imekauka, mama? Umekata tamaa na mtoto wetu?" Nikasingizia mafua. Wakampa mwingine aongoze, na yeye akaomba vizuri sana, akaomba Mungu amfichue mwenye mzigo.

Kisha mawakili. Mwanzoni habari zilisema "mawakili wa washtakiwa", na mimi nilikuwa nalishika neno hilo, washtakiwa, yaani wote wawili. Siku moja dada mwenye simu akasoma, na nikasikia "mawakili wa mshtakiwa wa kwanza". Nikamwambia rudia. Akarudia vilevile. Akaendelea kusoma kwamba mawakili hao wameieleza mahakama kuwa hawamtetei tena mshtakiwa wa pili kwa kuwa maslahi ya washtakiwa hawa wawili yanagongana. Mwenyekiti akapiga makofi. "Safi! Wametengana na huyo jambazi."

Baada ya hapo kila shahidi alipomaliza, mawakili wa yule wa kwanza walimbana maswali mpaka jasho limtoke, watu wakasimulia maswali yale vijiweni kwa wiki nzima. Halafu mwishoni kabisa mwa habari kulikuwa na sentensi moja, kila mara ileile: mshtakiwa wa pili hakuwa na swali. Hamjui sentensi ile ilivyonitisha. Nikawa namwona kwa mawazo amesimama pale bila wakili, mbele ya watu waliovaa majoho, anaulizwa kama ana swali kwa shahidi, na yeye hajui hata swali linaulizwaje. Mdogo wangu darasani alikuwa hanyooshi mkono. Nilikuwa natembea barabarani namtungia maswali. Muulize shahidi ulikuwa umekaa wapi. Muulize nani aliyekaa juu ya kile kiti. Muulize, mdogo wangu, fungua mdomo! Watu walinipita wakadhani nasali.

Pale kwenye turubai nao walikuwa wameshatoa hukumu. Jambo la ajabu, wale waliokuwa wanalia kwamba mtoto wetu anaonewa bila ushahidi, hawakuhitaji ushahidi wowote kwa dereva. "Ni dereva tu, inaeleweka," walisema. "Staa ana pesa zake, unga wa nini? Mwenye njaa ndiye dereva." Nilitaka kuuliza njaa imekuwa kosa lini. Lakini ukisema neno moja la kumtetea, watauliza unamjuaje, na wakijua, turubai lile silikai tena. Nimeona walivyomfanyia mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa anaiba mbuzi, walimfukuza hata kisimani.

Halafu dada mwenye simu akapata picha. Ilipigwa nje ya mahakama, msanii yuko katikati, amevaa miwani, anawapungia watu. Nyuma yake, nusu amekatwa na ukingo wa picha, mtu mwembamba amevuta shati kuficha mdomo. Simu ikapitishwa mkono kwa mkono. "Mtazame jicho lake," Mwenyekiti akasema, "jicho la wizi kabisa hilo." Ikafika kwangu. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia, lakini jicho lilikuwa la marehemu baba. Na jicho la baba ninalo na mimi. Nilishusha khanga mpaka kwenye nyusi, nikakaa hivyo kwenye jua lote lile, na kesho yake hivyohivyo, nikisema kichwa kinaniuma. Kila mtu akinitazama zaidi ya kawaida, nainamia vitunguu.

Yule mshona magunia ndiye peke yake aliyesema, "Na huyo naye ni mtoto wa mtu." Wakamzomea. Nilitamani kumwomba radhi kwa kitunguu kile, lakini hata hilo nililiogopa.

Uamuzi ulipokaribia niliona lazima nimwambie mama. Niliunganisha mabasi mpaka Itigi, kisha njia ya vumbi mpaka Mitundu, njia nzima napanga maneno. Nikamkuta mama amekaa mlangoni na redio ndogo ya jirani mapajani, anang'aa uso. Miezi mingi sikuwa nimemwona hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umesikia leo? Nchi nzima inamlilia mwanangu."

Sikumwelewa mara moja. Alikuwa anasikiliza kipindi kile cha simu, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, na kila mpigaji aliyesema kijana wetu aachiwe, kijana wa Singida anaonewa, mama alijua anayesemwa ni wake. Si kijana? Si wa Singida? Majirani nao walimtia moyo hivyohivyo, kwa sababu wao walijua sheria ya wachungaji wawili na hawakuona tofauti. Mama alikuwa analala usingizi wake kwa sauti za watu wale. Alijua jina la dereva wa lori wa Shelui, akawa anamwombea baraka.

Nilikaa chini mkekani nikamweleza kwa lugha ya nyumbani. Nikamwambia, mama, huko kila mmoja anapimwa peke yake. Wanaweza kumtoa yule na kumwacha huyu. Wale wanaopiga simu wanamlilia yule mwingine.

Akapunguza sauti ya redio. "Walikuwa gari moja?"

"Ndiyo, mama."

"Walikamatwa saa ileile?"

"Ndiyo."

"Sasa utamtoaje mmoja? Utawaambiaje watu?" Akacheka kidogo, akanipigapiga goti. "Wewe tangu utoto ni mwoga. Fisi akilia Itigi, wewe ulikuwa unajikojolea hapa. Nenda kapumzike." Nikajaribu tena kesho yake asubuhi, akakasirika. Aliniuliza nani aliyenituma nije kumtabiria mwanawe mabaya. Nikaondoka na chupa ya asali aliyonifungia kwa ajili ya mume wangu, na hofu yangu nikaondoka nayo yote, sikufanikiwa kumwachia hata kidogo.

Siku ya uamuzi hakuna aliyefanya kazi ya maana. Hakimu alikuwa atamke kama washtakiwa wana kesi ya kujibu, yaani kama ushahidi uliotolewa unatosha wao waanze kujitetea. Dada mwenye simu aliiweka juu ya gunia, sauti mpaka mwisho. Bodaboda wamesimama, wenye maduka wametoka, mama wa Kiislamu anahesabu tasbihi, Mwenyekiti kashika mkono wangu na wa aliyekaa upande wake wa pili. Mimi sikujua nisali nini, nikawa nasema tu, Mungu wangu, Mungu wangu, bila kumalizia.

Mtangazaji akasema kwa haraka, huku nyuma yake watu wanapiga kelele. Mshtakiwa wa kwanza hana kesi ya kujibu, ameachiwa huru. Mshtakiwa wa pili ana kesi ya kujibu, atarudi mahabusu.

Nadhani sentensi ya pili hakuna aliyeisikia. Vigelegele vilianza kabla haijaisha. Bodaboda zikapiga honi kuelekea Singida mjini, wanawake wakarusha maganda ya vitunguu hewani, mtu akamwagia mwenzake maji. "Haki imetendeka!" walipiga kelele, na walewale waliokuwa wanasema mahakama haina haki wakasema nchi hii ina mahakama. Mwenyekiti alinikumbatia akaninyanyua kutoka chini, mimi na uzito wangu huu. Alikuwa analia kwa furaha. "Mungu amejibu maombi yako!" akaniambia sikioni. "Yako wewe! Wewe ndiye uliyeomba kuliko wote!"

Yeye ndiye aliyenishika nisianguke, akidhani ni furaha.

Simu yangu ikaita. Mama. Niliitazama ikaita mpaka ikakata, ikaita tena. Nilipopokea nikasikia vigelegele, nikadhani ni vya kwetu. Vilikuwa vya Mitundu.

"Mwanangu! Wametoka!" Mama alikuwa anapiga kelele ili nimsikie. "Hapa nyumbani kumejaa watu, wanacheza! Jogoo nimeshachinja. Niambie wewe uliye karibu na barabara, anafika lini? Atakuja na basi au watamleta na gari?"

Nikafungua mdomo nimwambie kwa lugha yetu, ili wenzangu wasielewe. Nikatafuta neno la kusema mmoja katoka na mmoja kabaki kwa kosa lile moja, maana niliyomwambia kule Mitundu hayakumwingia, na sikulipata. Kwetu hakuna anayelisema jambo hilo. Ilibidi niliseme kwa Kiswahili, palepale, mikono ya Mwenyekiti bado iko mabegani mwangu.

"Mama. Aliyeachiwa ni yule mwimbaji. Mwanao hajatoka. Mdogo wangu amerudishwa ndani, peke yake."

Mikono ya Mwenyekiti ikalegea. Dada mwenye simu akageuka. Waliokuwa karibu wakanyamaza, kisha waliokuwa nyuma yao, mpaka turubai lote likawa kimya, na kwenye kimya kile kila mtu aliweza kusikia shangwe za Mitundu zikitoka kwenye simu yangu, na mama akiwaambia majirani zake kwa sauti ya furaha watulie kidogo.

"Rudia, mwanangu," akasema. "Sijasikia. Huku wanaimba."

Nikarudia.